Simu Inasema Ng'ombe, Jirani Anasema Punda: Fedha Zangu Nizisome Wapi?

Swali: "Mzee, pole na kazi. Nina duka la vitenge hapa Jinja. Programu ya simu inaniambia mimi ni Ng'ombe, Jua langu liko nyumba ya pili, kwa hiyo fedha zimo katika tabia yangu. Jirani yangu Mhindi mwenye duka la vyuma akanipeleka kwa mnajimu wao. Huyo akasema kwa Jua mimi ni Punda, kwa Mwezi ni Mashuke, niko katika miaka ya sayari Mshtarii, na nikitaka fedha zikae nivae yakuti ya njano ya shilingi milioni mbili na laki nne. Akiba yangu yote ni milioni nne. Nilizaliwa Jinja tarehe 6 Mei 1990, saa tatu asubuhi. Nimfuate nani?"

Jibu: Dada yangu, tuanze na saa, maana kosa la kwanza si la nyota. Niliingiza tarehe yako na saa 9:00, yaani saa tatu asubuhi kama mama zetu wanavyohesabu, na Jua halikukaa nyumba ya pili. (Nyumba kwa wanajimu ni sehemu 12 za anga, zinazohesabiwa kuanzia upeo wa mashariki wa saa uliyozaliwa.) Nikajaribu 3:00, ambayo ni saa tisa usiku, na hapo hapo Jua likaruka likatua nyumba ya pili kama simu yako ilivyosema. Mama alikuambia saa tatu, wewe ukaandika 3. Sisi huku, kwa Kiswahili na kwa Kiganda pia, tunahesabu saa kutoka macheo na machweo. Programu hizo zinahesabu kutoka usiku wa manane. Katika chati, yaani ramani za anga la saa ya kuzaliwa, ninazoletewa na watu wa hapa, sijui kosa linalojirudia kuliko hili. Ule utajiri ulioahidiwa ulikuwa wa mtu aliyekutangulia kuzaliwa kwa saa sita.

Hilo la Ng'ombe na Punda ni jambo jingine, na hapo hakuna aliyekosea. (Ramani za nyota zina kondoo dume mahali hapo, lakini magazeti yetu yamezoea kuandika Punda, nami sibishani nayo.) Anga ni moja, ila wamechagua mahali tofauti pa kuanzia kupima. Mnajimu wa Magharibi anaanza kuhesabu burji, yaani zile sehemu 12 za njia ya Jua angani zenye majina kama Ng'ombe na Punda, pale Jua linapokuwa siku ile ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana duniani kote. Kwetu siku hiyo haina kishindo, kwa sababu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Utaijua tu ukisimama pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, barabara ya Masaka, Jua likufikie utosini na kivuli chako kikuishie miguuni. Mnajimu wa Kihindu hajali siku hiyo. Yeye anapima kwa nyota zenyewe zilizotulia angani.

Zamani vipimo hivyo viwili vilikutana. Lakini mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka, na ile alama ya Machi inarudi nyuma digrii moja kwa kila miaka 72 hivi. Hipparchus, Mgiriki, aliligundua hilo zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kwa hesabu inayotumiwa sana India, iliyotokana na kamati ya kalenda ambayo serikali iliiunda mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, pengo sasa ni digrii 24 hivi, na mwaka uliozaliwa lilikuwa karibu 23 na robo tatu. Burji moja ni digrii 30. Basi watu wengi wakihama kutoka chati moja kwenda nyingine hurudi nyuma burji nzima, kama ulivyorudi wewe.

Ukitaka kuliona kwa macho, tafuta Kilimia. Wakulima wa pwani walikitazama kujua mvua: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zile zimekaa mgongoni mwa Ng'ombe wa angani, na Mhindi, anayeziita Krittika, anazihesabu ziko kwa Ng'ombe kweli. Kwa kipimo cha Magharibi zimeshafika mwanzoni mwa Mapacha. Mmoja anasoma majira ya mwaka kwa majina ya nyota, mwingine anasoma nyota zenyewe. Kuuliza yupi ana Ng'ombe wa kweli ni sawa na kuuliza kama kitambaa kilichopimwa kwa yadi ni kirefu kuliko kilichopimwa kwa mita.

Sasa fedha. Kwa wote wawili nyumba ya pili ni ya mali, ila Mmagharibi wa leo ameongeza kitu: anasema ni nyumba ya tunu zako pia, yaani yale unayoyathamini, na zaidi ya hapo, unavyojithamini mwenyewe. Ndiyo maana programu ilikuambia fedha ni "tabia". Watu hudhani mafundisho haya ni ya kale. Si ya kale. Wagiriki wa kale waliita nyumba ya pili Lango la Kuzimu, na waliiona dhaifu. Ptolemy, aliyeandika Alexandria huko Misri katika karne ya 2, alipotaka kujua mali ya mtu alikwenda kwenye Fungu la Bahati, nukta inayopatikana kwa kupima umbali kutoka Jua hadi Mwezi na kuupeleka kwenye burji inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa. Hakumuuliza mtu anajipenda kiasi gani. Tunu ziliingia nyumba ya pili katika karne ya 20, wanajimu wa Ulaya na Marekani walipoanza kuzungumza lugha ya wanasaikolojia. Dane Rudhyar, Mfaransa aliyehamia Marekani, ndiye aliyelisukuma sana kuanzia miaka ya 1930.

Mimi swali lao nalipenda. Mtu anayejua anachokithamini haibiwi kirahisi. Lakini unajimu huo umekuwa mpole mno. Haukuambii kamwe kwamba unaweza kufilisika. Ukikosa kodi ya duka utaambiwa ujithamini zaidi. Mwenye jengo hapokei kujithamini.

Mhindi hana aibu hiyo. Vitabu vyake vina orodha ya miungano ya sayari inayoleta utajiri, dhana yoga, na kando yake ipo orodha ya umaskini, daridra yoga, imeandikwa waziwazi. Ila usidhani kwa hiyo hana habari ya tunu. Kwake tunu zimejengwa ndani ya ramani kabla hujazaliwa. Maisha yana malengo manne: dharma, ambayo ni wajibu na uadilifu; artha, yaani mali na riziki; "kama" (neno lao, si letu), yaani matamanio; na moksha, yaani kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa tena. Nyumba 12 zimegawanywa kwa malengo hayo, tatu tatu. Mali ina nyumba ya 2, ambayo ni mkoba, na ni nyumba ya familia, chakula na maneno ya kinywa pia. Ya 6, ambayo ni jasho, utumishi, madeni na washindani. Na ya 10, kazi inayokupa jina. Na faida yenyewe, nyumba ya 11, iko wapi? Utaikuta upande wa "kama", kwenye matamanio. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ni makosa ya uchapaji. Leo naona ndilo jambo la busara kuliko yote katika mfumo ule: mkoba una mwisho wake, lakini faida, kama njaa, hurudi kesho asubuhi.

Halafu nyumba za 5 na 9, ambazo ni za dharma, ndizo zinazoitwa za Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Utajiri mkubwa unasomwa pale wenye nyumba hizo, yaani sayari zinazozimiliki, wanapoungana na wenye nyumba za 2 na 11. Maana yake mali ipite mlango wa uadilifu ndiyo ihesabiwe neema. Jirani yako ukimtazama wakati wa Diwali utaona jambo hilo hilo dukani: wafanyabiashara wa Kigujarati huvipeleka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi, vikaombewa kabla ya mwaka mpya wa biashara. Kinachoombewa ni daftari, mahali ambapo mtu anaweza kudanganya.

Tuje kwenye chati yako, ya saa tatu asubuhi ya kweli. Kwa kipimo cha Magharibi, Mapacha ndio waliokuwa wakichomoza, na nyumba ya pili inaangukia Kaa: fedha za nyumbani, za chakula, za kushikilia. Kwa ugawaji wa nyumba uitwao Placidus, ambao programu nyingi huutumia, Jua limekaa nyumba ya 11, ya marafiki na vikundi. Sayari Zohali iko nyumba ya 8, ya mikopo na fedha za watu wengine. Mnajimu wa Magharibi angekuambia: kikundi chako cha akiba kinakupa nguvu, lakini mkopo kwako ni mzigo mzito, usome masharti mara mbili. Maneno mazuri, na yangemfaa karibu kila mtu Jinja.

Kwa Mhindi anayechomoza ni Ng'ombe. Tazama Zuhura, sayari ya mapambo, nguo na starehe, ambayo kwa mwuza vitenge ni kama mshirika wa duka. Mmagharibi anaiona kwa Punda, mahali ambapo Zuhura ni mgeni asiyekaribishwa. Mhindi anaiona kwa Samaki, mahali pa kutukuzwa kwake, tena katika nyumba ya 11 ya faida! Sayari moja, asubuhi moja. Ukisikia mtu anakuambia mifumo hii miwili "inakamilishana", mwulize kuhusu Zuhura yako.

Zohali nayo iko kwa Mbuzi, nyumbani kwake, katika chati zote mbili. Hapo angalau wamekubaliana burji. Ila kwa Mhindi imeshika nyumba ya 9, na kwa mtu aliyezaliwa Ng'ombe akichomoza, Zohali ndiyo sayari bora kuliko zote. Inalipa, lakini inalipa mwenye subira.

Kisha sayari Utaridi. Kwa Mhindi ndiyo yenye nyumba yako ya pili, yaani ndiyo iliyoshika ufunguo wa mkoba, na siku ile ilikuwa inarudi nyuma, imemezwa na mwanga wa Jua, imeketi nyumba ya 12. Nyumba ya 12 ni ya matumizi na kupotea. Mnajimu akiona hivyo anasema: mtu huyu fedha anazipata, ila zinatoka. Nadhani hicho ndicho alichokiona mnajimu wa jirani yako, ndipo akataja jiwe la kuzifanya zikae.

Miaka ya Mshtarii haikuzushwa. Hesabu inaitwa Vimshottari: mzunguko wa miaka 120 uliogawiwa sayari tisa, Zuhura 20, Zohali 19, Rahu 18, Utaridi 17, Mshtarii 16, Mwezi 10, Mirihi 7, Ketu 7 na Jua 6. (Rahu na Ketu si sayari za kuonekana; ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua.) Unapoanzia panategemea Mwezi ulikuwa katika kituo kipi kati ya vituo 27. Mwezi wako ulikuwa katika Hasta, kituo cha Mwezi wenyewe, ikabaki kama miaka minane ya zamu hiyo. Ongeza Mirihi 7 na Rahu 18, unaingia Mshtarii ukiwa na miaka kama 33. Hapo amehesabu sawasawa. Na hili ndilo Mmagharibi hana kwa sura hiyo: zamu iliyopangwa tangu kuzaliwa, ikikuambia mlango huu utafunguka mwaka fulani na kufungwa mwaka fulani. Mmagharibi hutazama sayari za leo zinavyopita juu ya chati yako. Mhindi hufanya hivyo pia, lakini zamu kwanza.

Sasa lile jiwe. Yakuti ya njano ni ya Mshtarii. Kwako Mshtarii imekaa nyumba ya pili, ni kweli, na inamiliki nyumba ya 11 ya faida. Lakini inamiliki na ya 8, ya misukosuko na madeni ya ghafla. Kitabu kikuu cha unajimu wao, kile kinachobeba jina la Parashara, mwenye hekima wao wa kale, kinapotaja mtu wa Ng'ombe anayechomoza kinaiweka Mshtarii miongoni mwa sayari zisizomtakia heri. Kwa hiyo hata ndani ya mila yenyewe, wapo wanajimu ambao wangekukataza jiwe hilo kabisa; wanasema usimwongezee nguvu mgeni aliyekuja na mkono mmoja wa zawadi na mwingine wa deni. Aliyekuuzia ushauri huo ndiye anayeuza na jiwe? Hukuniambia. Mwulize jirani yako, bila ugomvi.

Nami nikisoma chati kama wao, naona kichekesho. Chati inasema udhaifu wako ni fedha kutoka. Dawa unayopewa ni kutoa zaidi ya nusu ya akiba yako.

Utaniuliza kama mimi mwenyewe naamini. Nimefundisha historia ya elimu hii miaka mingi na naipenda kama mtu anavyopenda mashairi ya kale. Lakini imewahi kupimwa. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu wa Magharibi walipewa chati na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague mwenye chati. Walipata kiasi ambacho ungekipata kwa kufumba macho. India nako, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 chati za watoto, wengine hodari shuleni, wengine wenye ulemavu wa akili, wawatenganishe. Walipatia asilimia 46. Kurusha sarafu kungetoa 50.

Na tuna ushahidi wa kwetu. Cicero, Mroma, aliuliza zamani kama wanajeshi wote waliouawa siku moja pale Cannae walikuwa na nyota moja. Sisi tuulize kuhusu Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke. Walikuwemo wenye Zuhura iliyotukuka na wenye Zuhura maskini. Wote waliacha maduka, na barabara kuu ya Jinja yako bado ina majengo yao. Au Mei 1987, serikali ilipobadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Kato hilo halikuuliza mtu burji. Ptolemy mwenyewe alikiri kwamba mambo ya nchi nzima huyashinda ya mtu mmoja, na kwa maoni yangu hakuna sentensi yenye kweli zaidi katika kazi yake yote.

Basi usimfuate yeyote kwa fedha za duka. Chukua maswali yao, uwaachie majibu. La Mmagharibi: ni nini huwezi kukiuza hata ukibanwa? Kama jibu ni jina lako kwa wateja, basi sehemu ya milioni zile ni bora iende kwenye kitenge ambacho rangi haichujuki. La Mhindi: fedha zako zinaingia mlango upi na kutoka mlango upi? Daftari la miezi mitatu litakujibu kuliko Utaridi. Andika hata zile unazomtumia ndugu kwa simu jioni, maana ndizo tunazozisahau. Na kama yakuti inakupendeza kwa sura yake, hilo halina neno. Inunue kwa faida ya mwaka wa pili, kama pambo, ukijua ni pambo.

Nina ombi moja, kwa ajili ya udadisi wangu tu. Mama alisema saa tatu, lakini "saa tatu" ya mama mzazi huwa pana. Huku karibu na ikweta burji huchomoza kila baada ya saa mbili hivi, na wewe ulizaliwa karibu na mpaka wa burji mbili. Ikiwa ilikwisha kupita saa tatu na dakika kama 25, chati ya Magharibi inabaki na Mapacha wake, lakini ya Kihindu inageuka yote: wanaochomoza wanakuwa Mapacha, Mshtarii inahamia nyumba ya kwanza, mkoba unakabidhiwa Mwezi, na ile Utaridi iliyokaa kwenye matumizi inahamia kwenye faida. Tarehe 6 Mei 1990 ilikuwa Jumapili. Muulize mama kama misa ya pili ilikuwa imeanza.